Ramani ya Nairobi Haishuki Mombasa

Kisauni, Mombasa

Swahibu yangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku tu wazima, ila joto limeanza kutuchoma kabla ya wakati wake. Mama amekuulizia mara mbili wiki hii. Amesikia unashuka na gari kutoka Nairobi Disemba na keshaagiza samaki. Nisalimie shemeji na watoto.

Barua yako nimeipata, pamoja na ile rekodi ya kompyuta ya gari. Niliifungua usiku, nikaifungua tena alfajiri kabla ya kwenda kazini. Nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: hiyo Subaru Impreza yako usiikanyage kwa busti kamili (busti ni presha ambayo turbo inaongeza juu ya hewa ya nje) mpaka tumalize hili. Na usikubali kuongeza mafuta kwenye ramani, lile jedwali la namba ndani ya kompyuta linaloamua mafuta na cheche, kama fundi wako anavyokushauri.

Chini ya mizunguko 5,000 kwa dakika gari lako halina neno. Busti ikiwa bar 1, lambda, kipimo cha hewa kwa mafuta ambacho kikipanda mafuta ni machache, inatulia kwenye 0.79, yaani karibu kilo 11.6 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Hata mimi injini ya EJ20, kama hiyo yako, ya umri huo ningeitaka iwe hapo. Kuanzia 5,500 mchanganyiko unaanza kukauka, yaani kupungukiwa mafuta: 0.82, kisha 0.85, na ikifika 6,800 uko 0.88. Nimeziangalia namba za ramani eneo hilo, haziteremki. Muda ambao kompyuta inaziamuru injekta, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, zikae wazi nao hauteremki. Maana yake kompyuta inaomba mafuta na mafuta hayafiki. Ukiongeza namba leo, lambda itarudi mahali pake na utafurahi, lakini kinachochoka kitaendelea kuchoka, na siku kikichoka zaidi hutakuwa na dalili iliyobaki ya kukuonya.

Nipigie hesabu hii pamoja nami, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike kwa haraka. Injekta haipitishi mafuta kwa presha ya reli (bomba linalozilisha injekta) peke yake, inapitisha kwa tofauti kati ya presha ya reli na presha iliyo ndani ya manifoldi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Regyuleta yako ya presha ya mafuta kazi yake ni kuilinda tofauti hiyo ibaki bar 3 wakati wote. Busti ikiwa bar 1, reli inatakiwa isome 4. Sasa chukulia reli inaishia 3.4. Tofauti imebaki 2.4, ambayo ni asilimia 80 ya ile inayotakiwa, na kwa kuwa mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha presha, injekta zinatoa asilimia 89 tu ya mafuta. Gawanya 0.79 kwa 0.89. Unapata 0.88 na ushei, namba ile ile iliyo kwenye rekodi yako. Bado hujafunga geji, kwa hiyo siapi, lakini niko karibu na hakika kwamba ndicho kinachotokea.

Funga sensa ya presha ya mafuta kwenye reli na uiunganishe na kompyuta, iandike pamoja na lambda na busti kwenye rekodi moja. Geji ya mshale iliyo chini ya boneti haikusaidii kitu ukiwa unaendesha. Kwanza iache injini ingurume bila kukanyaga mafuta, chomoa ule mpira mwembamba wa regyuleta na uuzibe: usome bar 3. Urudishe, presha ishuke kidogo, kwenu huko labda 2.5. Ukipuliza ndani ya mpira na kusikia harufu ya petroli, au ukiona umepasuka, umeshapata mgonjwa wako bila kutumia pesa. Halafu ingia barabarani na uitazame reli ikipanda hatua kwa hatua na busti. Pale itakapoacha kuifuata ndipo tatizo lilipo. Kabla ya hapo, hakikisha eksozi haivuji mbele ya sensa ya lambda. Hewa inayopenya hapo inaidanganya sensa, na plagi inayokosa moto huidanganya vile vile, kwa sababu oksijeni ambayo haikuungua inapita kama ilivyo.

Na tafadhali usikimbilie kununua pampu. Gari hili ni la miaka ya tisini, na waya unaopeleka umeme kwenye pampu ni mwembamba, una umri wake, tena umepita viunganishi kadhaa vyenye kutu. Kwangu nilipima injini ikiwa imebanwa kweli kweli: kwenye betri volti 14.1, kwenye pampu 11.6. Nilivuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikaweka fyuzi na rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme, na ule waya wa zamani ukabaki kazi yake ni kuiamsha rilei tu. Pampu ile ile, bila kuiguza, ikaanza kushika presha mpaka juu. Baada ya waya angalia filta, kile kichujio kilicho chini ya pampu ndani ya tangi, na kipande cha mpira kinachotoka kwenye pampu humo humo tangini, maana kikilegea mafuta yanarudi tangini na hakuna anayeyaona.

Umeniuliza pia kama injekta zenyewe zinatosha. Katika mizunguko 7,000, mzunguko mzima wa injini, kuvuta hewa mpaka kutoa moshi, unachukua milisekunde 17.1. Rekodi yako inaonyesha injekta ziko wazi milisekunde 14.6 kwenye 6,800, ambapo nafasi yote ni 17.6. Hiyo ni asilimia 83. Zinatosha, lakini ukipandisha busti tena hazitatosha.

Sasa nije kwenye lile lililonikosesha usingizi, yaani safari yenyewe.

Unajua kwamba gari lako halina tena kipimo cha hewa cha kiwandani. Tangu uweke kompyuta hii, inakadiria hewa kwa kusoma presha na joto la manifoldi, kisha inatafuta namba kwenye ramani. Safu za ramani zimepangwa kwa presha kamili, si kwa busti. Nairobi mko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yenu ina presha ya kilopaskali 83 hivi. Ukiongeza bar 1 ya busti, ambayo ni 100, manifoldi inasoma 183. Kwa hiyo fundi aliyekutengenezea ramani alifanya kazi safu ya 180, akaisafisha vizuri, akaridhika. Safu ya 200 gari halijawahi kuifikia hata siku moja. Namba zilizomo ni za kukisia.

Huku kwetu hewa ni 101. Spring ya wastegate, ule mlango unaoachia moshi upite kando ya turbo busti ikitosha, haijui Nairobi wala Mombasa, inapimana nguvu na hewa iliyo nje, nayo pamoja na solenoidi ya busti itakupa ile ile bar 1. Manifoldi itasoma 201. Utakuwa umeingia safu ambayo haina mwenyewe, si ya mafuta peke yake, hata ya cheche. Na injini itakuwa inameza takriban asilimia kumi zaidi ya hewa, wakati ambapo mafuta yako tayari hayatoshi huko juu.

Hili sikulisoma mahali. Miaka mitatu iliyopita nililiteremsha gari langu kutoka Nairobi, limetoka kutengenezwa ramani siku mbili nyuma, nami nikiwa na furaha ya mtoto siku ya Idi. Mpaka Mtito Andei lilikuwa linanikumbusha ile Impreza ya Colin McRae tuliyokuwa tukiishabikia, mwaka ule wa 1997 aliposhinda Safari. Kila tulivyoteremka lilizidi kuwa na nguvu, nami nikadhani ni injini imezoea. Baada ya Voi, nikiyapita malori mawili, gia ya tatu, nikasikia mlio kama changarawe ndani ya mkebe. Sekunde mbili hazikutimia. Tulipofungua injini, pistoni ya silinda ya 4 ilikuwa imevunjika ukingo ulio kati ya ringi. Kwenye ramani safu ya 200 ilikuwa na mafuta pungufu kwa karibu asilimia nane, na cheche ilikuwa mapema kuliko safu iliyo chini yake, jambo ambalo halifai kabisa, kwani presha ikipanda cheche hucheleweshwa. Nililipa injini nzima. Sikuwahi kukueleza yote haya kwa sababu niliona uchungu, na nasikitika sikukueleza mapema.

Basi fanya hivi. Kwanza rekebisha mafuta, nitumie rekodi mpya. Siku ya safari chomoa hiyo solenoidi, vali ya umeme inayopandisha busti kuliko nguvu ya spring, ili gari litegemee spring peke yake. Umesema spring yako ni bar 0.7, kwa hiyo hata ukiwa Likoni hutazidi 171, na hapo kila safu utakayoigusa imeshapimwa. Kisha ndani ya kompyuta weka kikomo cha presha kwenye 180, ili mpira ukichomoka au wastegate ikikwama mafuta yakatwe kabla ya pistoni kudhurika. Usijaribu kuijaza safu ya 200 ukiwa huko kwa kupandisha busti. Turbo italazimika kuizidisha hewa ya kwenu mara 2.4 ili kufika huko, itoe hewa ya moto, nawe utapata namba zisizofanana na za hapa.

Ukishapumzika siku moja tutaanza na bar 0.7, tutapanda bar 0.05 kwa bar 0.05, mimi nikiwa na vipokea sauti masikioni nisikilize kama injini inagonga, yaani ule mlio wa changarawe. Cheche nitazirudisha nyuma kabla hatujaanza, tutaziongeza mwisho. Tutafanya alfajiri, maana mchana intakula, kipoza hewa cha turbo kilicho juu ya injini, inapikika kwenye foleni na joto la hewa inayoingia linavuruga kila kitu.

Njoo na ule waya wa kuunganisha kompyuta, wangu umekatika. Na ukifika Mtito Andei nipigie, uniambie kompyuta inasoma hewa ya nje ngapi gari likiwa limezimwa. Nataka nione inapanda.

Ni mimi, nduguyo wa Kisauni.