Mbwa wa mitaani wapewe chanjo, si risasi

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii kuwa mtu asiye na uhakika wa mlo wake, kisha akakusanya mbwa wa mitaani, hana akili timamu, na kwamba dawa ya mbwa wazururao ni risasi. Mimi ni mmoja wa hao anaowasema. Ni fundi baiskeli hapa Tanga, nina mbwa 11 uani. Naomba nafasi nimjibu.

Maisha ni magumu, sikatai. Ngamiani mwenye nyumba alinitoa kwa sababu ya mbwa, sasa nakaa Pongwe kwenye kiwanja alichoniachia marehemu baba, nyumba haijapigwa lipu. Nina kisukari, na iko miezi nanunua dawa nusu. Posa ya binti yangu ilipokelewa kwa baba yake mkubwa, maana upande wa mume walisema hawaingii nyumba yenye mbwa. Hilo liliniuma na linaniuma mpaka leo. Lakini mbwa sikuwafukuza.

Chakula chao hakitoki kwenye sahani za wanangu. Nikifunga kazi napitia Deep Sea, akina mama wanaokaanga samaki wananiwekea vichwa na matumbo, nachemsha na pumba ya mahindi, basi.

Ndugu yetu amenikumbusha pia kuwa mimi ni Mwislamu. Nimesoma chuoni kama watoto wengi wa Tanga. Chombo alicholamba mbwa nakiosha mara saba, moja kwa udongo, na kanzu yangu ya kuswalia inakaa kwa dada yangu. Ila maalimu yule yule aliyetufundisha twahara alitufundisha na habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria madhambi yake. Siwezi kushika fundisho moja nikaliacha la pili.

Wa mwisho kuja kwangu ni jike wa rangi ya kahawia. Mtu alimfunga waya shingoni akiwa mdogo, akakua nao, waya ukazama nyamani. Niliukata kwa koleo la kukatia spoki, kijana wangu wa kazi akiwa amemziba macho kwa gunia, kisha nikatoa funza mmoja mmoja na kuosha kidonda kwa maji ya chumvi. Hakuniuma. Alitetemeka tu, mkojo ukimtoka. Huyo ndiye ninaambiwa apigwe risasi.

Kichaa cha mbwa ni cha kuogopwa kweli. Dalili zikishaanza, mgonjwa ni nadra sana kupona, na karibu watu wote wanaokipata wameng'atwa na mbwa. Lakini mwaka juzi watu wenye bunduki walipita mtaani kwetu, wakaua na mbwa wangu watatu ambao kadi zao za chanjo ninazo hadi leo. Haukupita muda, jalalani wakajaa wengine, wageni kabisa, hakuna anayejua kama wamechanjwa. Tulipoteza kinga tuliyokuwa nayo. Wataalamu wanasema mbwa asilimia 70 wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hauna pa kupita. Pemba, ng'ambo ya maji tu kutoka hapa, walichanja na ukatoweka. Chanjo ilipolegalega ukarudi mwaka 2016. Wakachanja tena, ukatoweka tena. Mfano gani mwingine tunautafuta mbali?

Ombi langu kwa wahusika: siku za chanjo zisiishie kwa wenye mbwa wa kamba. Zifike majalalani na kwenye machinjio, na majike wafungwe uzazi, kwa sababu mbwa wanaozaliwa bila mwenyewe ndio hao hao wanaotafutiwa bunduki baadaye. Sisi tunaowalisha tuitwe tuwashike, maana sauti zetu wanazijua na hawatukimbii. Mimi nitawashika bila kudai malipo. Bwana mifugo akifika Pongwe na chanjo zake kwenye barafu, amuulize mtoto yeyote kwa fundi baiskeli. Ataletwa mpaka mlangoni, nami nitafunga kibanda siku hiyo.

Fundi baiskeli,
Pongwe, Tanga