Si kila ushanga unaotungwa ni wa kuuzwa

Mhariri,

Kila mara gazeti lako linapoandika habari za mapambo ya mikono, habari hizo huwekwa katika ukurasa wa biashara, zikiambatana na hesabu za mtaji, masoko na faida. Sina ugomvi na wanaopata riziki kwa njia hiyo, lakini mtindo huo umewafanya wengi waamini kwamba mtu mzima asiyeuza hereni anazozitengeneza anapoteza wakati, na kwamba anayechora kwa mkaa bila kutafuta mnunuzi amerudia utoto. Naomba nafasi niwatetee watu hao, ambao nami ni mmoja wao.

Ufundi wa mapambo si mgeni katika pwani yetu. Huko Tumbe, kisiwani Pemba, wanaakiolojia wamechimbua vigae vingi vya vyungu vyenye mifereji, ambavyo wakazi wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walisugulia vipande vya kombe mpaka vikawa shanga. Anayeanza leo ana kazi nyepesi zaidi. Kifuu cha nazi, ambacho hapa Tanga huishia jalalani au jikoni, hukatwa kwa msumeno wa chuma, husuguliwa kwa msasa mkali na baadaye msasa laini, hutobolewa kwa keekee ndogo, kisha hupakwa mafuta ya nazi hadi king'ae. Subira inahitajika hasa wakati wa kutoboa, kwa maana kifuu kikavu kikilazimishwa hupasuka. Gamba la ng'amba, hata kama wazee wetu walilipenda, tuliache baharini pamoja na mwenyewe. Kasa huyo yumo hatarini kutoweka, na biashara ya kimataifa ya gamba lake imepigwa marufuku.

Mkaa ndio unaonifurahisha zaidi. Ule wa jikoni haufai sana, kwa kuwa hutokana na miti migumu na mara nyingi hukwaruza karatasi badala ya kuacha alama. Wachoraji wa Ulaya wamezoea mkaa wa vijiti vya mzabibu na vya miti mingine laini, nasi tunaweza kujitengenezea wa namna hiyo: vijiti vikavu vilivyobanduliwa gome hushindiliwa ndani ya kopo la bati ambalo kifuniko chake kimetobolewa tundu moja kwa msumari, kopo huwekwa motoni mpaka moshi unaotoka tunduni ukome, kisha huachwa lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa. Aliyewahi kuona tanuri la mkaa linavyofukiwa kwa udongo ataelewa sababu, kwani hewa ikiingia mapema kinachobaki ni majivu.

Karatasi inayoteleza haishiki unga wa mkaa, hivyo manila au karatasi ya kaki yenye mkwaruzo kidogo ni bora. Mchoraji huanza na vivuli vikubwa, akavitawanya kwa kidole au kitambaa, halafu akautafuta mwanga kwa kufuta. Nyama ya mkate iliyokandwa hufuta vizuri, na wachoraji waliitumia kabla raba haijajulikana. Mkaa haumruhusu mtu kuhangaikia kope wakati bado hajajua kichwa kimeinamia wapi, na kwa maoni yangu hakuna mwalimu mkali kuliko huyo. Kazi hizi mbili pia husaidiana: anayekichora kidani kwa mkaa kabla ya kukikata huona mapema kama kitakuwa kizito upande mmoja, na hivyo haharibu kifuu bure.

Haya yote mtu anaweza kuyafanya jioni, barazani, bila mtaji wala leseni, na kazi yake ikiharibika hana mteja wa kumwomba radhi. Uhuru huo wa kuharibu ndio unaopotea pale tunapomuuliza kila mwenye koleo na waya wa shaba kwamba anauza bei gani.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba toleo la Jumapili litenge japo nusu safu kwa mwezi ya kuwafundisha wasomaji kazi za mikono za kujiburudisha, iandikwe na mafundi wenyewe na isitajwe bei ndani yake. Napendekeza ya kwanza iwe ya mkaa, kwa sababu kopo na vijiti havimshindi mtu.

Msomaji wako,
Tanga