Ijumaa usisaini kwanza

Mwanangu,

Assalam aleikum. Jana simu imekatika ndo kwanza unasema Ijumaa unasaini na hao watu wa lebo, sjui salio sjui mtandao, nikabaki nimeishika mpaka vitumbua vikaungua. Kukuzuia sikuzuii. Nyimbo yako ikipigwa redioni hapa Ngamiani natoka barazani makusudi majirani wanione, basi ujue. Ila hiyo karatasi mwanangu, umeisoma? Yote? Maana umesema kurasa 14, "mambo ya kawaida tu mama".

Hawa wajukuu wa shangazi'ako kutwa wako na ile katuni ya simba, na kale kadogo kanaimba wimowe wimowe kitumbua kimejaa mdomoni, nikamuuliza mwalimu mpangaji wetu hilo neno maana yake nini. Kumbe halina maana! Mwenye wimbo ni Mzulu wa Afrika Kusini, Solomon Linda, aliurekodi 1939 na wenzie, ukiitwa Mbube, yaani simba. Wenzie wanaitikia "uyimbube", wewe ni simba, Wamarekani wakasikia wimowe wakaimba hivyohivyo. 1961 kundi la Tokens wakaimba na maneno ya Kiingereza ukawa namba moja Marekani, 1982 kundi jingine likaufanya namba moja Uingereza, ikaja The Lion King 1994 ndo ukaingia kila nyumba yenye mtoto. Na ile sauti nyembamba inayopendwa dunia nzima Linda aliitoa papo hapo studio, kichwani mwake tu, kama wewe ukiwa unaoga.

Haki zake aliziuza shilingi 10. Kumi mwanangu. Akafa 1962, wimbo unavuma huko, mjane wake hana hela ya jiwe la kaburi. Mabinti zake wamekuja kupatana na kampuni iliyoushika wimbo 2006, baada ya kesi, na hiyo ni kwa vile sheria ya zamani ya Waingereza ilisema haki zinarudi kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Yaani mpaka ufe kwanza ndo mama'ako ale!

Sasa kwenye hizo kurasa 14 nyimbo zinabaki za nani? Ile uliyomtungia dada'ako ya harusi, pale uani, nayo imo? Waulize. Mwalimu anasema nenda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kaziandikishe kwanza, sheria ipo tangu 1999, mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, af wewe uwape watu kwa ajili ya gari la kukodi na nguo za video? Na usiniambie mama hayo ya zamani. Wewe una akili kuliko sisi wote humu ndani, ila kumwambia mtu mzima "ngoja nikasome" unaona haya, na haya hizo najua umezitoa wapi. Karatasi ya kiwanja cha Pongwe nilitia saini juu ya boneti, jua kali, yule bwana kashika kalamu ananichekea. Ada yako ya mwaka ule baba'ako alikwambia machungwa yameoza. Hayakuoza.

Basi tuliache hilo. Bati la jikoni limeanza tena kuvuja, fundi anataka elfu 40 na mimi nimemwambia elfu 25. Baiskeli yako mjomba'ako kaipeleka Makorora kairudisha haina breki, anasema aliikuta hivyo. Dada'ako kichefuchefu kimepungua, anakula maembe mabichi tu. Hela uliyotuma imefika, nimenunua mchele, ila usitume tena mpaka ujue hao watu wanakukata kiasi gani, maana isije ikawa unatutumia deni.

Kondakta wa basi la saa 12 nimempa kikapu cha machungwa ya Muheza, kafuate mwenyewe stendi usimtume mtu. Chini kabisa kwenye gazeti kuna elfu 50, sio ya kula, mpe mwanasheria akusomee hiyo karatasi mstari kwa mstari. Alhamisi jioni nitapiga, usinijibu na vikatuni, pokea. Kikapu cha bibi'ako hicho, kirudi.

Mama