Mnaandika viatu, kazi mnaiacha

Ndugu Mhariri,

Ni msomaji wako wa miaka mingi na sijawahi kukusumbua hata kwa mstari mmoja, ila makala yenu ya ukurasa mzima kuhusu wanawake wanaoongoza bendi za roki imenitoa kwenye ukimya. Mwandishi wako ameona nywele, ameona viatu, ameona suruali ya ngozi. Alipofika kwenye sauti akasema ni "kipaji alichojaliwa", akapita.

Kwanza, Blondie si jina la mtu. Mwimbaji mnayemwita hivyo anaitwa Debbie Harry. Blondie ni bendi iliyoanzishwa New York mwaka 1974, na kosa la kuandika "Blondie na bendi yake" ni la zamani kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 zilitengenezwa beji za kuwakumbusha watu kuwa Blondie ni kundi. Mwandishi wako beji hizo hazijamfikia. Chrissie Hynde, mwimbaji wa bendi ya The Pretenders, naye mmempa sentensi mbili, zote za wanja. Hamkusema kwamba anapiga gitaa la rithim huku anaimba, wala kwamba nyimbo nyingi za bendi ni utunzi wake, wala kwamba alifiwa na James Honeyman-Scott mwaka 1982 na Pete Farndon mwaka 1983, waanzilishi wenzake, na bado mwaka 1984 bendi ikatoa albamu mpya.

Sasa tuje kwenye hicho kipaji. Mwanamke akishika noti ya la iliyo juu ya do ya kati, nyuzi zake za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde. Mwanamume anayeimba wimbo huohuo oktava moja chini zake zinagongana mara 220. Mgongoni kwa dada huyo kuna drams zinazopita desibeli 100, na pembeni mpiga solo aliyefungulia amplifaya mpaka mwisho, kwa hiyo hajisikii. Asiyejisikia hupaza sauti bila kujua, nyuzi zinavimba, na zikivimba usiku baada ya usiku zinaota vinundu. Ndiyo maana anayeijua kazi anapasha sauti dakika kumi kwa kutoa mlio kupitia mrija mwembamba, anakunywa maji saa kadhaa kabla (maji unayomeza hayapiti kwenye nyuzi za sauti, kinachofika huko ni mvuke), na baada ya onyesho ananyamaza, hanong'oni. Ukwaruzo ukizidi wiki tatu, wa kutafutwa ni daktari wa koo mwenye kamera, asali ibaki kwenye chai. Halafu kuna kii, yaani noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake. Wapiga gitaa wanapenda kutungia kwenye mi kwa sababu nyuzi za gitaa zisizobonyezwa zinakaa vizuri pale, hata kama kiitikio kinamwacha dada akining'inia pasipo na sauti. Dawa inajulikana: legeza nyuzi zote za gitaa nusu toni, vaa seti nene zaidi, ya 11 badala ya 10, zisilegee kupita kiasi. Dakika ishirini za kazi. Wakikataa, mnakuja ninyi na kuandika kwamba "hafiki juu".

Juzi nilikuwapo bendi moja ikijaribu vyombo. Monita, ile spika inayomrudishia mwimbaji sauti yake, ikapiga mluzi, mwimbaji akalalamika. Fundi mitambo akamgeukia mpiga gitaa: "Dada anataka nini?" Dada yuko mita moja kutoka kwake, maiki mkononi. Dada akamweleza fundi mwenyewe kwamba maiki ile ni ya supakadioidi, aina inayosikia zaidi mbele, na uziwi wake hauko mgongoni kabisa bali kwenye digrii kama 125 kutoka mbele, kila upande, kwa hiyo monita moja iliyoielekea kwa nyuma lazima ilie. Ziwekwe mbili, moja kushoto na moja kulia. Zikawekwa, mluzi ukaisha. Fundi akampongeza mpiga gitaa.

Na mafundi hawa wana jingine. Wakisikia sauti ya kike tu, mkono unakimbilia kukata masafa ya sauti yaliyo kati ya kilohezi 2 na 4, eti ni kali. Hapo ndipo zinapokaa konsonanti, na ndipo magitaa nayo yanapojazana. Anayetakiwa kukatwa hapo ni gitaa. Wapiga picha wenu ndio usiseme: wanamtaka afumbate kichwa cha maiki kwa viganja vyote viwili. Ukiziba matundu ya nyuma, maiki inaanza kusikia pande zote na spika zinapiga yowe.

Jina la bendi limesajiliwa kwa nani, na mgawo wa utunzi ukoje kati ya aliyeandika maneno na aliyeleta mpito wa gitaa? Huko ndiko bendi zinakovunjikia, na mwandishi hakugusa.

Nashauri hivi. Kabla ya makala ijayo, mwandishi wako asimame mita mbili mbele ya drams, monita imezimwa, aimbe dakika 45 karibu na noti ile ya la. Akishindwa, basi viatu visitajwe kabla ya aya ya sita, na kila sentensi ya viatu ilipiwe kwa sentensi moja ya monita.

Ni mimi,
Msomaji aliyechoka