Mdogo wangu, umenitumia nusu ya mstari

Mdogo wangu,

Jumapili iliyopita nilikuwa Kibuye, Kisumu, soko limefurika, mikono imejaa magamba ya omena, dagaa wetu wa ziwani, simu ikatetemeka ndani ya aproni. Nikajua ni mteja. Kumbe ni wewe, kutoka Nakuru. Hukuuliza nimeamkaje wala mguu unaendeleaje. Uliandika tu: "utakatifu, ambao hapana mtu atakayemwona Bwana asipokuwa nao."

Biblia ninayo hata mimi. Hiyo ni Waebrania 12:14, na mstari hauanzi pale ulipoanzia wewe. Unaanza hivi: "Tafuteni kwa bidii kuwa na amani na watu wote." Umekula mnofu wote, ukaniletea mgongo wazi.

Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu mambo ya mbele za watu uliyaanza wewe.

Unajua usiku ninaousema. Ijumaa, mkesha wa mazishi ya Mama, kalala ndani ya hema, jenereta inanguruma nyuma ya mgomba, na wenzangu wa sokoni wameingia na matatu waliyoichangia, wote wamejifunga leso za aina moja. Wengine hawakuwahi kufika kwetu. Ukaomba maikrofoni. Ulianza vizuri, nakupa haki yako: ulivyookoka, ulivyotakaswa, siku na saa. Nikawa nafuta machozi kwa kiwiko maana mkononi nilikuwa na birika. Halafu ukasema sasa unataka kutembea nuruni. Ukasema, "Ndugu zangu, mimi nilisomeshwa kwa gorogoro iliyogongwa kitako. Bwana aitakase nyumba hii."

Gorogoro ni kopo letu la kupimia omena; ukiligonga kitako kiingie ndani, mteja anapata pungufu. Hakuna aliyeitikia amina. Ilibaki jenereta peke yake. Kisha mmoja wa kule kwenye mahindi akacheka, kicheko kifupi cha puani, na mimi nikaendelea kumimina chai katika kikombe kilichokwisha kujaa hadi mzee wa watu akaruka, kiatu kimejaa maji ya moto. Mpaka leo yule mzee nikikutana naye huuliza kama nimebeba chai.

Jumanne niliporudi sokoni, mteja wangu wa miaka tisa aliichukua gorogoro yangu, akaigeuza juu chini, akapiga kitako chake kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. Hakusema kitu. Akanunua kwa jirani.

Sasa, je, ulisema uongo? Hapana. Nami naliandika kwa mkono wangu, lisibaki limesemwa na mwingine: gorogoro yangu ilikuwa imegongwa. Niliigonga mwenyewe, kwa mchi, usiku, wewe ukiwa umelala kitanda kile kile tulichogawana. Au ndivyo nilivyodhani. Ilipungua kama viganja viwili vya omena. Lakini unakumbuka ni mwezi gani? Ilikuwa Mei. Omena hufungwa kuvuliwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaliane, na anayebaki na gunia la zamani huliuza kwa bei ya dhahabu. Chuo chako kilikuwa kinataka nusu ya karo kabla hujaingia darasani. Ningeuza nini? Kila muuzaji kwenye mstari wetu alikuwa na gorogoro mbili, moja ya kupimiwa na moja ya kupimia. Sikuianzisha mimi hiyo desturi. Na vile viganja viwili, dada, havikuingia tumboni mwangu.

Naona nimeanza kujitetea. Acha nirudi kwenye utakatifu.

Sisi tumelelewa kati ya Kima na Maseno, misheni ya 1905 upande wa Mama na ya 1906 upande wa Baba. Mahubiri hatukuyakosa. Mama alifundishwa Kima kwamba ukishasamehewa dhambi ulizotenda, iko kazi ya pili ya neema inayong'oa mzizi wenyewe, na mtu anaweza kujua siku aliyotakaswa. Baba alikuwa wa Uamsho, ule uliotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda hadi huku Nyanza. Kwake yeye kila asubuhi unarudi msalabani upya kama mtu anayerudi kisimani. Mama akisema "nilitakaswa," Baba anamuuliza, "Na jana ulininunia kwa nini?" Mama anamrushia mwiko. Tulicheka sana jikoni mle.

Lakini mkumbuke Mama huyo huyo akiosha omena. Anamwaga maji ya vuguvugu, anazungusha kwa vidole, anaacha kidogo, anamimina polepole ili mchanga ubaki chini. Maji ya kwanza meusi. Ya pili kijivu. Ya tatu wewe ulikuwa unasema, "Mama, zimetakata," naye anachukua omena moja, anaitafuna mbichi kwa meno ya mbele, anatema. "Bado mchanga." Maji ya nne. Kutakasa ni kufanya kitu kitakate, na sijaona omena zilizotakata kwa maji ya kwanza. Sisemi Mungu hawezi kumaliza kazi kwa siku moja. Nasema tu kwamba hata John Wesley, ambaye mafundisho ya utakaso ya Kima yanamfikia ukiyafuata nyuma, aliandika miaka mingi juu ya upendo mkamilifu, na mwenyewe akakiri waziwazi kwamba hajaufikia. Wewe una tarehe na saa.

Na huko kutembea nuruni ulikokutaja, wale wazee wa Baba walikujua. Mtu alisimama akasema: niliiba mimi, nilipiga mke mimi. Bibi yetu alilibeba jembe la wizi begani mchana kweupe, akapita sokoni Luanda watu wakimwangalia, akamrudishia mwenyewe. Jembe aliloiba yeye. Hakupita akitangaza majembe ya dada yake.

Nimekuwa nikisoma Walawi 19 tangu matanga yale. Ndiyo sura inayofungua kwa Mungu kuwaambia Waisraeli wawe watakatifu kwa kuwa yeye ni mtakatifu, nami nilitegemea kukuta humo mavazi, na nywele, na mambo ya kuimba. Nikakuta pembe za shamba waachiwe maskini. Nikakuta kiziwi asitukanwe. Mstari wa 36 ukanikaba koo: mizani ya haki, efa ya haki. Efa ni kipimo cha nafaka, yaani gorogoro yao. Nililia, sikufichi. Lakini sikukuacha nje ya sura hiyo. Mstari wa 16 unamkataza mtu kuzunguka akichongea watu wake. Najua utanirukia na wa 17, kwamba usiache kumkemea jirani yako. Haya. Ungenikemea. Mlikuwa siku nne nyumbani kabla ya mazishi, tulilala chumba kimoja, tukachambua mboga beseni moja. Ulikuwa na nafasi ya kuninong'oneza hata chooni.

Tena mstari wa 13: ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Yule msichana anayekulelea watoto alinipigia mimi, si wewe, kuuliza kama naweza kumkopesha nauli ya kwenda kumzika babake, kwa sababu mshahara wake wa miezi miwili "bado Mama anaombea," yaani wewe. Nilimtumia. Sikupanda jukwaani.

Hata hivyo kuna kitu sijawahi kukuambia. Mwaka ule ulipomaliza chuo ulinunua jozi mbili za viatu vya mtumba, ukaniletea iliyo nzima, ukavaa yenye soli ya kufungua mdomo. Ulidhani sikuona. Ukikohoa usiku bado naamka, ingawa uko Nakuru na siwezi kukusikia.

Agosti ni kumbukumbu ya Mama. Wazee wameniagiza omena, na uvuvi utakuwa umefunguliwa. Gorogoro niliyonayo sasa ni mpya, kitako bapa, njoo uibishe hodi ukitaka. Ile ya zamani sikuitupa. Napimia kuku pumba. Wateja sita wa zamani niliwaongezea viganja viwili viwili bila kuwaambia ni vya nini. Wa saba alihamia Busia, namba yake haipatikani, na hilo linaninyima usingizi kuliko maneno yako.

Uje Alhamisi, usingoje Ijumaa, kuna kuosha na mimi mguu hauniruhusu kuinama muda mrefu. Uje na yule msichana, awe amelipwa.

Dada yako.