Marekebisho makubwa si kukataliwa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyelalamika katika ukurasa huu kwamba wahakiki wa majarida ya kitaaluma, yaani wataalamu wanaosoma makala na kuitolea maoni kabla haijachapishwa, wapo kuwazibia njia watafiti chipukizi. Anasema mswada wa makala yake ulirudi na kurasa nne za maoni, akausoma mara moja, akaufungia kwenye droo.

Mimi ni katibu wa uhariri katika jarida mojawapo la aina hiyo. Napokea miswada, naitafutia wahakiki, nawakumbusha wahakiki hao pale wanapochelewa (na wanachelewa!), kisha nawapelekea waandishi majibu. Barua kama ile iliyomuumiza ndugu yangu nimezituma nyingi, na ninachokiona upande huu wa meza ni kwamba ameisoma vibaya. Aliandikiwa “marekebisho makubwa”, yaani airekebishe kazi kisha airudishe. Hakukataliwa.

Mswada ambao jarida haliutaki kwa kawaida haufiki kwa mhakiki. Mhariri huusoma mwenyewe na kuurudisha mapema, kwa barua ya mistari michache. Ama mada haihusiani na jarida, ama ikisiri (muhtasari wa mwanzoni) inaahidi jambo ambalo matokeo hayalitaji, ama mtu amechukua sura tatu za tasnifu yake akazibandika pamoja, na maneno “sura hii itajadili” bado yamo. Ukiona kurasa nne za maoni, ujue kuna wataalamu wawili au watatu waliokaa na kazi yako, aghalabu bila malipo yoyote, na mhariri akaona inaweza kuokolewa. Kukubaliwa moja kwa moja, bila kuguswa, ni nadra mno hata kwa maprofesa wenye majina.

Linalonisikitisha ni idadi ya waandishi wanaopotea hapo. Muda wa marekebisho unakwisha, nawaandikia, kimya. Faili linafungwa. Utafiti uliotumia fedha na muda wa watu waliojibu madodoso unaishia kwenye kompyuta ya mtu mmoja kwa sababu mhakiki wa pili alitumia neno kali.

Kwa hiyo niseme namna barua ile inavyojibiwa, maana nadhani vyuo vingi vinafundisha kuandika mswada lakini havifundishi kuutetea. Kwanza iache siku mbili tatu, hasira ipoe. Kisha nakili kila hoja ya mhakiki, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata ile unayoiona ya kipuuzi, na chini ya kila moja andika umefanya nini na mabadiliko yako ukurasa gani, mstari gani. Neno “tumerekebisha” peke yake halimsaidii mtu. Andika: “Tumeongeza maelezo ya jinsi sampuli ilivyopatikana, ukurasa wa 6, mstari wa 112 hadi 120.” Mhakiki akiona hivyo hana haja ya kuupekua mswada wote upya, na mhakiki asiyechoshwa ni mhakiki mwema.

Kukataa ushauri pia kunaruhusiwa. Hili waandishi wachanga hawalijui, au wanalijua ila wanaogopa. Mhakiki akitaka jaribio la takwimu lisilofaa kwa data yako, eleza kwa adabu kwa nini halifai na utaje kazi zinazokuunga mkono. Nimeona wahariri wakimpa mwandishi haki dhidi ya mhakiki, tena mhakiki mkubwa. Na wahakiki wawili wakipingana, mmoja anataka sehemu ya usuli ifupishwe na mwingine anataka irefushwe, mwandikie mhariri umuulize. Hapo ndipo kazi yake ilipo.

Simtetei kila mhakiki. Wapo wanaoandika kwa dharau, na wapo wanaotaka uongeze marejeleo matano ambayo, ukiangalia vizuri, yote ni makala zao wenyewe. Wapo pia wasiosoma zaidi ya ikisiri. Mambo hayo yaripoti kwa mhariri, kwa sababu ukinyamaza mhakiki huyo ataombwa tena.

Tena kuna nyakati maoni machungu, au hata kukataliwa kabisa, huizaa sehemu bora ya kazi. Mwaka 1964 mwanafizikia Peter Higgs alipeleka makala fupi ya fizikia kwenye jarida la Physics Letters, ikakataliwa. Akaiongezea maelezo yaliyotaja chembe mpya inayopaswa kuwepo kama nadharia yake ni sahihi, akaipeleka Physical Review Letters, ikachapishwa mwaka huohuo. Kugunduliwa kwa chembe hiyo kulitangazwa mwaka 2012, na mwaka uliofuata akapata Tuzo ya Nobel pamoja na François Englert. Sehemu inayokumbukwa zaidi haikuwemo katika mswada wa kwanza.

Nina hofu moja kubwa juu ya msomaji wako. Mtu aliyeumizwa na maoni ndiye windo rahisi la majarida ya kitapeli, yale yanayokuandikia “Mheshimiwa Profesa” kabla hata hujahitimu, yanayoahidi jibu kwa siku tatu na kutaka ada. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga makala bandia kuhusu dawa ya saratani, akaitia makosa ambayo mhakiki makini angeyaona, akaituma kwa majarida 304 ya mtandaoni yanayotoza ada. Majarida 157 yaliikubali. Huko hutapata kurasa nne za maoni, wala hutapata msomaji. Na makala ikishachapishwa huko, huwezi kuipeleka kwingine kama kazi mpya.

Wasimamizi wa wanafunzi nao wanahusika. Wengi wanataka jina lao liwe kwenye makala, lakini maoni ya wahakiki yakija wanamwambia mwanafunzi “shughulikia”. Miongozo ya majarida ya tiba, inayofuatwa pia na fani nyingine, inasema mwandishi ni yule aliyechangia kazi kwa uzito, akashiriki kuiandika au kuihakiki, akaidhinisha toleo la mwisho na akakubali kuwajibika nayo. Sioni mtu anawajibika vipi na kazi ambayo hata barua yake ya majibu hajaisoma.

Ndugu yangu, itoe hiyo barua kwenye droo uangalie tarehe ya mwisho ya marekebisho. Kama bado ipo, au imepita kwa wiki chache tu, mwandikie mhariri mistari miwili ya kuomba muda. Maombi ya namna hiyo huja kwangu kila mara, na mengi yanakubaliwa siku hiyohiyo.

Katibu wa uhariri,
msomaji wako wa siku nyingi