Shukrani kwa mama wa duka la River Road

Mama, jina lako sikuuliza. Ulikuwa na wateja wengi Jumanne ile. Mimi ni yule mwalimu aliyetaka kipimajoto kimoja akiwa na nusu ya bei. Ulinipa vitatu, ukaniambia niwaache watoto wapime wenyewe.

Walipima. Gredi ya 6, majiko matatu ya makaa uani. Maji yakatokota, vipimajoto vikagoma kwenye 94. Kitabu kinasema 100! Vimeharibika, wakasema. Vyote vitatu kwa pamoja? Wakaongeza makaa, wakabadilisha sufuria. 94 tena. Ndipo msichana mmoja, ambaye darasani huwa haongei kabisa, akauliza kama Mombasa ingekuwa vivyo hivyo. Mama, machozi yalinilenga. Tukaanzia hapo: Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo, basi yanachemka mapema, kabla ya kufika joto la 100. Na maharagwe ya nyumbani kwetu yanachelewa kuiva kwa sababu hiyo hiyo.

Nimerudi dukani mara mbili, sikukukuta. Asante sana, mama. Ijumaa tunapima barafu.